Kigunduzi, Konokono na Keki ya Ghorofa Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimekamatwa tena. Barabara ile ile, trafiki yule yule mwenye miwani mikubwa. Mwanamke mpole wa sura, moyo wa jiwe. Alikuwa amejibanza nyuma ya kibanda cha vocha, tochi yake ya kupimia mwendo mkononi, anavizia watu wenye kazi zao. Nikamweleza kwamba mkate unatakiwa ufike ukiwa moto. Akaugusa mmoja, akasema huu ulipoa jana. Damu ikanichemka. Nikatia saini karatasi yake ya faini kwa nguvu hadi ikatoboka. Akanipa nyingine, akangoja.

Hii ni ya pili mwaka huu. Ya tatu wanachukua leseni. Na dereva wa kiwanda cha mikate asiye na leseni ni mtu tu anayenukia mkate.

Bosi hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alinionyesha kwa kidevu ile baiskeli kuukuu yenye kikapu iliyoegemea ukuta wa stoo, kisha akarudi kwenye trei zake. Konokono naye alikuwepo, angekosaje. Konokono ni dereva mwenzangu. Jina nimempa mimi na linamfaa: anaendesha kana kwamba barabara imetandikwa mayai. Hajasimamishwa hata siku moja. Akaniambia pole, kaka. Pole ya nini? Nani alimwomba?

Nyumbani mke wangu aliuliza mbona nimenuna. Nikasingizia joto. Hakunidadisi, maana mdogo wake anaolewa Jumamosi na nyumba nzima ni vitambaa na sindano. Mama mkwe amekuja kusaidia. Amekalia kiti changu.

Jumanne, 4 Machi

Dawa yao nimeipata. Fundi redio wa mtaani kwetu ana kidude cheusi cha kubandika kwenye dashibodi. Kinanusa mawimbi ya tochi ya trafiki kabla hata hujamwona. Taa nyekundu inawaka, kinalia, wewe unapunguza mwendo na kupita ukimchekea. Kigunduzi! Fundi ameapa kinanusa hata tochi iliyo nyuma ya kilima. Pesa hakutaka. Alitaka pasi ya umeme, ya kwake imeungua. Nikampa ya mke wangu. Mambo ya kupiga pasi yanaweza kusubiri, leseni haisubiri.

Jioni mke wangu akaanza kutafuta pasi. Leo, kati ya siku zote. Ana magauni ya harusi yamejaa kitanda kizima. Nikasema labda mama ameihamisha. Mama mkwe akanitazama bila kupepesa.

Huyu mama aliwahi kusema mbele ya watu kwamba mimi nikitumwa maji, kinachofika ni ndoo. Nimelimeza neno hilo kwa miaka. Lakini keki ya harusi inaokwa kiwandani kwetu, ghorofa tatu, maua meupe. Nimemwomba Bosi niipeleke mimi. Ikifika salama, mikononi mwangu, mbele ya ukoo mzima, mama mkwe atakosa la kusema. Bosi amejibu kwamba ataangalia mwenendo wangu wiki hii.

Jumatano, 5 Machi

Nilitoka kiwandani roho kwatu, kigunduzi kimekaa kwenye dashibodi kama mkubwa wa kazi.

Kwenye duka kubwa la kona kikalia. Nikakanyaga breki kwa miguu yote. Trei za mikate zikaja mbele kunisalimu. Nikaangaza kila upande, hakuna trafiki. Nikaenda, nikageuza, nikarudi. Kikalia tena. Hapo nikajua wamejificha ndani. Nikashuka, nikamwendea mlinzi wa mlangoni, nikamtaka amtoe huyo trafiki aliyemficha. Akasema humo ndani kuna wateja na sabuni. Ule mlango wao wa kioo ulikuwa unajifungua wenyewe kila nilipomnyooshea mlinzi kidole, na kila ukifunguka kigunduzi kinalia kule garini. Njama ya wazi kabisa. Mlinzi akaniuliza kwa upole kama nimekula tangu asubuhi. Nikamjibu vibaya, na sijuti.

Hospitalini, kikalia. Benki, kikalia. Yaani wamejaza trafiki hadi benki! Nilipiga breki njia nzima, na nyuma yangu watu walipiga honi njia nzima. Mwenye mgahawa alipokea mikate yake, akaigeuza geuza, akauliza nani ameikalia.

Niliporudi Bosi alikuwa amekwisha kusikia yote kwa simu. Na ili siku yangu iharibike vizuri, Konokono amepewa gari jipya. Jipya kabisa, viti bado vimevaa nailoni. Ndiyo tuzo ya kutembea kama mgonjwa.

Alhamisi, 6 Machi

Konokono anatumiwa na trafiki. Ushahidi ninao. Kila akiwa karibu nami na hilo gari lake jipya, kigunduzi kinapiga mayowe. Akikata kona, kimya. Akirudi, mayowe. Nikamtega: nikalificha gari langu nyuma ya lori la takataka, nikaziba pua, nikangoja. Kimya. Alipolifikia lori, mayowe! Akaniona, akanipungia mkono. Mnafiki mkubwa.

Mchana nikamvaa palepale mbele ya tanuri, waokaji wote wanasikia. Nikamwambia atoe tochi aliyoificha. Hakukasirika. Hicho ndicho kinachoniudhi kwake kuliko vyote, hakasiriki. Akanishika mkono hadi kwenye gari lake, akasema, kaka, tatizo si mimi, ni gari. Pembeni mwake mna vijicho vinavyochunga magari ya ubavuni, akikaribiana na mtu vinamwashia taa kwenye kioo. Navyo vinatoa mawimbi, na kigunduzi changu kikiyanusa kinadhani ni trafiki. Akasema na ile milango inayojifungua yenyewe ni hivyo hivyo. Waokaji wakaitikia kwa vichwa kama wanafunzi wazuri.

Nikamwambia akawahadithie konokono wenzake. Mtu kapewa gari jana, leo ni profesa.

Mke wangu ameazima pasi kwa jirani. Sasa akitaka kuniambia kitu anamwambia mama yake, huku nimekaa hapo hapo.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi amekubali. Keki naipeleka mimi!

Kumbe si kwa mwenendo wangu. Mke wangu alimpigia simu akaniombea. Halafu jioni nikamsikia jikoni akimwambia mama yake kwamba mume wake ndiye atakayeileta keki, na itafika, na yeye hataki kumsikia mtu akisema neno. Mama mkwe akaguna. Mke wangu akarudia: itafika. Nilisimama nyuma ya mlango na sahani yangu mkononi, nikaona aibu kwa ajili ya ile pasi. Ilinishika aibu kweli, hadi nikaosha sahani mwenyewe.

Kisha nikakumbuka sharti la Bosi na hasira ikarudi. Konokono atanifuata nyuma na gari jipya, eti lolote likitokea. Lolote gani? Ananiwekea mtu wa kunichunga kama ng'ombe.

Nimechukua mito ya mama mkwe nitandike chini ya keki. Kesho yuko harusini mchana kutwa, mito ya nini?

Jumamosi, 8 Machi

Naandika usiku, viatu bado vina vumbi.

Nilichelewa kuondoka kwa sababu nilikuwa naliosha gari na kulifunga utepe. Gari la keki lazima lipendeze. Konokono alikuwa amekwisha kuwasha injini, ametulia tu, ananingoja, na huko kutulia kwake kulinipandisha hasira kabla hatujatoka getini.

Njiani kigunduzi kikaanza. Kikalia, nikapiga breki, nikasikia keki inahema kule nyuma. Kikalia tena, breki tena. Kwa mtindo huo ningefika na uji. Ndipo maneno ya Konokono yakanijia. Vijicho! Si trafiki, ni huyu anayenifuata na vijicho vyake. Nikaona nimekuwa mjinga wiki nzima. Dawa ni kumwacha mbali, kidude kinyamaze, keki itulie. Nikakanyaga mafuta. Barabara ilikuwa nyeupe, gari likaruka, Konokono akabaki kama nukta kwenye kioo.

Kigunduzi hakikunyamaza. Kikazidi. Nikasema gari jipya hilo, vijicho vyake vina nguvu. Nikaongeza sauti ya redio.

Kutoka nyuma ya kibanda cha vocha akatokea Miwani, trafiki yule yule wa Jumatatu.

Nilimweleza kila kitu. Harusi, shemeji, mama mkwe, utepe. Alisikiliza hadi mwisho kwa adabu zote. Kisha akanyoosha kidole kwenye dashibodi, akauliza hicho nini. Nikasema saa. Akaielekezea tochi yake, akabonyeza. Saa ikapiga mayowe. Akabonyeza tena, mayowe tena. Akamwita mwenzake aje aone. Wakabonyeza kwa zamu, wanacheka kama watoto na filimbi. Akasema, hongera, ni kizima kabisa. Halafu akavua miwani, akaniuliza kitu ambacho bado kinanichoma: basi kama kilikwambia nipo, kwa nini hukukisikiliza?

Nikazima redio.

Leseni akaichukua. Gari halikuruhusiwa kusogea bila dereva. Konokono akafika, taa ya kuegesha inawaka, akaegesha vizuri hadi inatia uchungu. Hakusema pole safari hii. Yeye na Miwani waliinyanyua keki kwa pamoja, polepole, wakaiweka garini kwake. Akaniuliza kama napanda. Nikasema sipandi gari la mpelelezi. Akaondoka. Nikabaki ukingoni mwa barabara nimekumbatia mito ya mama mkwe.

Nilifika kwa miguu. Keki ilikuwa imesimama katikati ya ukumbi, hata ua moja halijalegea. Konokono alikuwa amekalishwa meza ya wazazi. Mama mkwe anampakulia kwa mkono wake mwenyewe, anamwita mwanangu. Aliponiona aliitazama mito yake, akaitambua, akageukia wali.

Na aliyekuwa akipiga muziki ni fundi redio. Shati limenyooka hadi mikunjo inakata. Mke wangu, kwa wema wake, akalisifu. Fundi, kwa ujinga wake, akamweleza pasi aliipata wapi.

Mke wangu hakunipigia kelele. Alikuja hadi niliposimama, akaitwaa mito mikononi mwangu, akasema alimwambia mama yake itafika kwa mkono wangu. Basi. Akaenda kucheza na mdogo wake. Nilisimama pale na mikono mitupu. Nilitaka kumwita. Badala yake nilimtafuta Konokono nikamwambia haya yote ni makosa yake, kwani ni nani aliyeniambia habari za vijicho? Akanikatia keki.

Sikula. Nilikula baadaye.

Jumatatu, 10 Machi

Naandikia stoo, karibu na ukuta ambao baiskeli haipo tena. Iko nje. Ni yangu.

Bosi alitaka kunifukuza. Konokono akaniombea. Akamwambia mimi najua wateja wote na vijiduka vya mitaa ya karibu, vile vya mikate kumi-kumi, vinahitaji mtu wa baiskeli. Yaani ameninyang'anya keki, mama mkwe na meza ya wazazi, sasa ananigawia na kazi. Sijawahi kumchukia mtu hivi.

Kigunduzi nimekifunga kwenye usukani wa baiskeli kwa mpira wa tyubu, na betri ya pikipiki iko kikapuni chini ya mikate. Waokaji wamecheka hadi unga umemwagika. Mjinga mmoja akauliza baiskeli itapigwa tochi kwa mwendo gani. Hajaniona nikiteremka mteremko wa hospitali.

Niliuteremka. Kwenye mlango wa hospitali kikalia. Nikabana breki. Mikate ikapita juu ya kichwa changu, nami nikaifuata. Konokono alinipita, akasimama, akaniokotea mikate, akaniuliza kama nimeumia. Nikasema niache.

Nyumbani mke wangu sasa anaongea nami moja kwa moja. Amesema jambo moja analotaka ni kwamba nisichukue tena kitu cha nyumba hii bila kumwambia. Nimeapa. Niliapa kwa moyo wote.

Lakini nimekaa nimewaza, na tatizo nimeliona. Si mwendo, na si mimi. Kigunduzi kinajua kuna mtu, ila hakisemi ni nani. Mlango, Konokono, Miwani, vyote kwake ni mayowe yale yale. Ningekuwa na kinachotaja, Jumamosi ningekuwa nimekaa meza ya wazazi. Nimepita kwa fundi redio, kumtukana kwanza. Amesema kipo, kimeingia wiki hii, kinatofautisha hadi mlango wa benki na wa hospitali.

Ameuliza kama nyumbani tuna friji.