Njia ya Subira ya Mutwalibu wa Walukuba

Jumatatu, 4 Agosti

Hasira! Hasira tupu! Miaka mitatu naandika falsafa yangu, Njia ya Subira. Kurasa mia mbili na kumi. Na Mama Urmila kamchagua nani? Si mimi!

Mama Urmila ni mwalimu mstaafu. Kila Alhamisi watu hukutana nyuma ya duka lake la vitambaa hapa Jinja: Wahindu, Waislamu, Wakristo, hata wasiosali popote. Mmoja husimama akaeleza anaamini nini na mikono yake inaunda nini. Wiki hii ni zamu ya Bramwel, mtengeneza ngoma wa Mbale. Nikauliza huyo anaamini nini. Mama akajibu kwamba bado anatafuta. Bado anatafuta! Mimi nimeshapata, tena nimepanga kwa sura!

Nikapiga ndoo teke. Ilikuwa na maji. Mke wangu Twaibah, aliyekuwa akisuka mkeka, akainua miguu tu.

Jumanne, 5 Agosti

Mbale. Safari ndefu, vumbi, jirani anayekoroma. Nimevumilia yote kwa kulaani.

Nilimkuta Bramwel kwenye karakana yake, njia ya Nakaloke, akiwamba ngoma. Nikamwambia mkutano umesogezwa hadi wiki ijayo. Uongo mdogo kwa ajili ya ukweli mkubwa. Akanishukuru kwa kuja mwenyewe toka mbali. Akanipakulia malewa, yale machipukizi ya mianzi, yamejaa karanga. Akauliza nami naamini nini. Nikamsomea sura tatu. Akasikiliza mpaka mwisho, hakupiga hata mwayo mmoja. Mnafiki mkubwa!

Kisha akasema, "Ngozi nayo ukiivuta kwa pupa, inapasuka." Mwizi! Hiyo ni sura yangu ya tano, na sikuwa nimemsomea.

Malewa yalikuwa matamu. Hilo nalo limeniudhi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempigia simu Mama Urmila. Nikamwambia Bramwel ana homa kali, hawezi kuja. Masikini mama akasikitika sana. Akaniomba nizibe pengo. Nikasitasita, kama sekunde mbili hivi.

Ijumaa, 8 Agosti

Jana sikuweza kuandika. 

Pale mkutanoni nilikuwa nimefika hatua ya pili ya Subira, kati ya nane. Mlango ukafunguliwa. Bramwel! Kabeba ngoma begani. Eti kwa kuwa Alhamisi yake ilikuwa tupu, aliona amletee mama zawadi. Mama Urmila akamuuliza kama homa imeshuka. Bramwel akanitazama.

"Mimi mzima, mama," akasema. "Ndugu Mutwalibu alikuja mpaka kwangu kuniona."

Akausitiri uongo wangu! Angenizaba kofi ningemshukuru! Nikaanza kufoka kwamba Subira si ya watu dhaifu, kwamba sihitaji kuhurumiwa na mtu asiyejua hata anaamini nini. Nikapiga meza ngumi. Sura ya nne ikatawanyika sakafuni. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Walidhani ni mchezo wa kuigiza!

Mama akaniketisha, akauliza nani mwingine ana la kusema. Akasimama Twaibah. Mke wangu! Akakunjua mkeka wake. Akasema yeye hana falsafa. Akasema katika kila mkeka husuka utepe mmoja mweusi wa ukili kwa ajili ya binti yetu Nulu, aliyefariki akiwa na miezi minne, na anaposuka ukili huo huongea naye. Akasema akiacha kusuka, anaogopa mtoto atadhani kasahauliwa.

Miaka tisa nalalia mikeka hiyo. Ule weusi nilidhani ni pambo.

Bramwel akapiga ngoma polepole, kwa vidole tu. Watu wakalia. Mimi nikatoka nje, nikasimama karibu na choo. Macho yaliniwasha. Nilikasirika sana, na sijui nilimkasirikia nani.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeelewa kila kitu! Kosa langu lilikuwa dogo tu: Subira imepitwa na wakati. Watu wana kiu ya kusikilizwa. Tangu alfajiri naandika falsafa mpya, Njia ya Kusikiliza. Sura kumi na mbili. Nitaizungumzia kwa saa tatu, na ole wake atakayenikatiza.

Asubuhi hii Twaibah alikuja akaketi karibu yangu. Akasema kuna jambo la Nulu ambalo hajawahi kumwambia mtu, na sasa yuko tayari kuniambia.

Nikamwambia anyamaze kidogo. Niko sura ya kwanza.