Koti Jekundu na Folda ya Taka

Jumatatu, 4 Machi
Shangazi, mwenyekiti wa kamati ya harusi ya dada yangu, ametangaza: anayetaka ushereheshaji amwandikie baruapepe. Simu hataki kusikia. Atajibu Alhamisi. Mshereheshaji ni mimi! Nani mwingine? Koti jekundu nimeshanunua. Nikaandika. Kumbe Binamu naye kaandika, tena kawatumia ndugu wote barua za "ushereheshaji wa harusi" wamuunge mkono. Mtu ambaye akishika maikrofoni anaanza kukohoa!

Jumanne, 5 Machi
Wazo! Nimezunguka kwa ndugu wote nikijifanya fundi wa simu. Kwa Mjomba, kwa Shemeji, kwa Bibi. Kila simu niliyoishika, barua za Binamu nikazibonyeza "taka", hata zijazo zisionekane. Bibi kaniombea dua kwa kumsafishia simu. Nikaona haya. Yakapita.

Jumatano, 6 Machi
Binamu analalamika eti barua zake hazimfikii mtu. Nikampa pole, masikini. Alipoondoka nikacheza peke yangu chumbani mpaka nikagonga kabati. Goti limevimba. Raha tupu!

Alhamisi, 7 Machi
Kimya. Nimechungulia simu kutwa nzima. Jioni dada kanipigia: kazi kapewa Binamu. Binamu!

Ijumaa, 8 Machi
Nimekwenda kuwafokea watu wa intaneti wanaotuhudumia baruapepe ukoo mzima: barua yangu kwa Shangazi wameipeleka wapi? Mhudumu akauliza kama nimetazama folda ya taka. Taka? Mimi? Akaifungua. Lahaula! Barua ya Shangazi, ya jana asubuhi: ushereheshaji wa harusi ni wangu, nijibu kabla ya saa kumi, nikinyamaza anampa Binamu. Mhudumu akaeleza kwa upole kwamba mtambo wao hujifunza kwa wateja. Wengi wakibonyeza "taka" barua za aina moja, unazuia zote zinazofanana nazo, kwa kila mteja. Akashangaa ni nani hao walioichukia harusi hii kiasi hiki. Nikamwambia watu wana roho mbaya.

Jumamosi, 9 Machi
Harusini. Meza ya mwisho, karibu na mlango wa jikoni. Koti jekundu nimelivaa hivyo hivyo, na wageni wawili wameshaniagiza soda. Binamu hajakohoa hata mara moja. Bibi anacheka mpaka anafuta machozi. Roho inaniuma, sifichi. Basi, nimekoma. Mambo ya baruapepe sigusi tena maishani.
Ila huu waya wa spika, mbona unapita hapa hapa chini ya kiti changu?