Sheli Sita za Programu ya Foleni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao hiki, ambaye kwa leo ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wakurugenzi wa idara zote sita. Waheshimiwa makaimu wakurugenzi, na wanaowakaimu makaimu. Ndugu mafundi wa kompyuta. Ndugu fundi wa maikrofoni, ishushe kidogo, mimi si mrefu kiasi hicho. Na ninyi wananchi wapendwa mliotolewa kwenye foleni ya ghorofa ya chini ili mje kujaza viti, na ambao nafasi zenu kwenye foleni hiyo zimelindwa ipasavyo. (Sauti kutoka nyuma: "Zinalindwa na nani?") Itifaki imezingatiwa.

Leo, baada ya miaka minne ya jasho langu na la wengine, tunazindua rasmi Fremuweki Jumuishi ya Majaribio ya Programu ya Foleni katika Sheli Sita, inovesheni ambayo kwayo ofisi hii inatoka kwenye rodimapu ya karatasi na kuingia, kwa miguu yote miwili, kwenye rodimapu ya projekta. (Makofi kutoka safu ya wakurugenzi.) Najua wapo watakaouliza sheli ni kitu gani. Hata mimi niliuliza, katika mwaka wa tatu wa mradi. (Kicheko.) Sheli ni lile dirisha jeusi kwenye kompyuta ambamo fundi anaandika amri kwa herufi, nalo linaisoma amri hiyo na kuiambia mashine ifanye nini. Ni mkalimani, basi. Mkalimani mmoja angetosha, siwafichi. Lakini ofisi yenye idara sita itakuwaje na mkalimani mmoja bila idara tano kununa?

Ndipo nikaelekeza kila idara ichague sheli yake, na kila jaribio la programu yetu ya kupanga foleni ya wananchi liandikwe mara sita, lipite kote. Idara ya kwanza ikachagua ile iliyoizoea. Ya pili ikachagua nyingine, kwa sababu ya kwanza imeshachagua ile. Ya nne ikachagua sheli ambayo hakuna anayeitumia, si humu wala nje, na mkurugenzi aliyeichagua akastaafu wiki iliyofuata. Popote alipo, tunamtakia mapumziko mema.

Wako wabezaji wanaosema matengenezo ya sheli sita yanatuchosha bure. Wanasema sheli hii inataka alama moja ya kunukuu, ile inataka mbili. Hii ikikuta nafasi katikati ya jina la faili inadhani ni mafaili mawili, ile inagoma kabisa na haisemi kwa nini. Na ukibadilisha mstari mmoja hapa sharti uubadilishe mara sita, kisha urudi kurekebisha ulichoharibu mara tatu. Ni kweli. Lakini tazameni takwimu! Katika kila saa mia za mtaalamu wetu wa majaribio, saa tisini na mbili zinakwenda kwenye kupatanisha sheli, na saa nane zilizobaki ananiandikia mimi ripoti ya zile tisini na mbili. Huo ni utumikaji wa asilimia mia moja kamili! (Katibu anapiga makofi, wengine wanafuata.)

Na mtaalamu mwenyewe ni mmoja tu. Ni huyu dada tunayemwita Mama wa Majaribio, yuko safu ya mbele, mwenye begi la safari miguuni. Mama, simama wakuone. (Anasimama, anakaa upesi, anatazama simu.) Huyu, ndugu zangu, hajaenda likizo tangu mradi uanze, kwa sababu hakuna mwingine anayezijua sheli zote sita, na huo ni ushahidi wa umuhimu wa mradi. Ameniandikia barua saba. Ya saba aliniletea wiki iliyopita: binti yake wa pekee yuko wodi ya wazazi, uzazi wa kwanza, anaogopa, anamtaka mama yake. Jamani, nami ni mzazi. Barua ile niliisoma mara mbili. Nikaandika pembeni kwa mkono wangu mwenyewe: "Aende, sheli ya nne ikitulia." (Minong'ono. Mwanamke mmoja mwenye kitambulisho mkononi: "Mtoto hangoji sheli, mheshimiwa!")

Tulia, mama, ndiyo maana begi liko hapa. Nimemwahidi mbele ya katibu kwamba sheli zote sita zikifaulu leo hadharani, ataondokea papa hapa ukumbini. Fundi, washa projekta. Wananchi, tazameni ukutani! Dirisha la kwanza: KARIBU. La pili: KARIBU. La tatu: KARIBU. La tano, mmeona, limeruka foleni: KARIBU. La sita: KARIBU. (Makofi. Mzee mmoja: "Na baada ya karibu inasema nini?") Swali zuri sana, mzee wangu, limepokewa, litajibiwa kwa maandishi. La nne... La nne linatafakari. Tulipe muda.

(Dirisha la nne linatafakari. Simu ya Mama wa Majaribio inalia. Anaipokea akiwa ameinamia begi, anasikiliza, anafunika mdomo.)

Nilitoa agizo simu zizimwe. Mama, kuna nini huko?

(Mama wa Majaribio: "Amejifungua. Wa kike. Wote wawili wazima." Ukumbi mzima unalipuka kwa vigelegele, wananchi wanasimama, fundi wa maikrofoni anacheza.)

Asanteni, asanteni sana, ketini chini, sikutarajia takwimu zangu zingewagusa namna hii! (Katibu anamnong'oneza sikioni.) Aa. Hongera, mama. Hongera sana kwa niaba ya ofisi. Ila nawe unaona mwenyewe, la nne bado jeupe kwa weusi wake, yaani halijasema kitu, na ahadi ni ahadi. Tutalitazama tena Jumatatu. (Sauti nyingi: "Aaaa!") Jumatatu asubuhi, basi! Mapema!

Nimalizie kwa kaulimbiu yetu. Nikisema "Sheli sita!" ninyi mnasema "Huduma moja!" Sheli sita! (Sauti chache: "Foleni moja!") Huduma, jamani, huduma. Tuendelee na shukrani. Nawashukuru wakurugenzi kwa kununa kwa wakati. Namshukuru aliyetupatia kitambaa cha meza. Namshukuru Mama wa Majaribio kwa uvumilivu wake. Na kwa namna ya pekee namshukuru mapema yule atakayeiandika Programu ya Foleni yenyewe, ambaye tangazo la kumtafuta tutalitoa mara tu majaribio yote yatakapofaulu.

(Mama wa Majaribio anasimama. "Samahani, bosi. Atakayeiandika?")

Ndiyo, mama. Kwa sasa tunayo ile KARIBU.

("Nilipoajiriwa uliniambia KARIBU ni mwanzo tu. Uliniambia sehemu nyingine zote zinaandikwa ghorofa ya juu, nisiwasumbue wenzangu.")

Ghorofa ya juu, mama... ghorofa ya juu tunaweka viti. Hivi mlivyokalia vimetoka huko.

(Mama wa Majaribio anainama, anachukua begi.)

Mama, ngoja, nilikuwa... Katibu, ile barua ya saba iko wapi? Nipe kalamu. Tazama, nafuta hapa pa sheli, naandika "Aende." Nimeandika, mama! Umeona? Mpe mtoto salamu zangu. (Ameshafika mlangoni.) Asanteni kwa kunisikiliza. Vinywaji ni kwa safu ya mbele.

(Wananchi wanateremka kurudi kwenye foleni, kila mmoja akiuliza alikuwa nyuma ya nani. Hakuna aliyelinda nafasi ya mtu, na wanabishana kwenye ngazi zote mbili. Wanapoliona lile begi wananyamaza, wanabana ukutani, wanampisha bibi apite.)