Utepe wa Njano

Jumatatu, 3 Machi

Afisa wa miti wa jiji amekuja saa nne kasoro. Nilikuwa nimefagia mara mbili. Nilivaa shati la kazini, lile la enzi za masjala. Kola imeliwa, lakini ukikaa wima haionekani.

Amehesabu majani ya mti wangu, akapima shina kwa rula, akabana udongo kwa vidole. Akasema hongera mzee, mti umeshika. Akafungua utepe wa njano, akafunga wa kijani. Nikauliza maana yake nini. Akasema maana yake hatanisumbua tena kila wiki. Atarudi baada ya miezi mitatu.

Hatanisumbua! Mimi ninayetoa viti viwili kibarazani kila Jumatatu tangu Januari.

Jiji limeamua kila nyumba ya mtaa wetu ilee mti mmoja mlangoni, kwa sababu joto la miaka hii limepita kiasi, na mvua zikija zinakuja zote kwa mpigo. Kila mti uko ndani ya shimo pana la kokoto, ili maji ya barabarani yaishie humo kabla hayajaingia majumbani. Mpango mzuri. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni rangi. Utepe wa njano: mti una shaka, afisa huja kila Jumatatu. Wa kijani: mti mzima, afisa haji. Mwekundu: mti unachukuliwa, anapewa mtu mwingine.

Yaani aliyetunza vizuri ndiye anayeachwa peke yake. Sijui nani alikaa akapanga hivyo.

Mama watoto alikwenda kwa binti yetu kumsaidia kulea mjukuu. Alisema wiki sita. Huu ni mwezi wa kumi na nne. Nyumba ina vyumba vitatu, mimi natumia kimoja.

Nimeamua. Mti lazima uugue. Kidogo tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimechuma majani kumi na moja. Nimeuomba mti radhi.

Nimepiga simu ofisi ya miti, nikasema nina mgonjwa. Dada wa mapokezi akauliza ameanza lini. Nikasema jana mchana. Akasema jana asubuhi mti huo umeandikwa mzima. Nikasema ndivyo maradhi yalivyo, hayabishi hodi. Akataka picha. Nikamwambia mgonjwa huyu si wa picha, ni wa kuonwa. Akashusha pumzi, akasema afisa atapita Jumatatu.

Akili ni mali.

Alhamisi, 6 Machi

Mti umetoa machipukizi matatu. Una kiherehere.

Nimeunyima maji siku mbili. Leo nimeshika udongo, ni mbichi. Nikajificha nyuma ya pazia. Haikuchukua muda. Fundi Bomba, jirani wa ng'ambo, kavuka barabara na sufuria ya maji aliyooshea mboga, kayamwaga yote shinani, kaupigapiga mti kama anayebembeleza mtoto.

Nimetoka kumuuliza kulikoni. Akasema aliona mti umenyong'onyea, akadhani mgongo unanisumbua, na kidole kimoja hakivunji chawa. Akanikaribisha kwake chai. Nikasema nina kazi.

Huyu fundi amestaafu mabomba kama mimi nilivyostaafu mafaili. Mkewe alizikwa mwaka juzi. Utepe wake ni wa kijani tangu wiki ya pili na wala hana habari. Kila asubuhi ananiuliza nimeamkaje, nami najibu salama, naingia ndani. Ukimpa dakika anataka saa. Sina muda wa watu wa namna hiyo.

Na kazi nilikuwa nayo kweli. Nilikuwa natafuta turubai.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefunika shimo lote. Turubai juu ya kokoto, matofali tisa juu ya turubai. Sasa sufuria zake amwage popote, tone haliingii.

Fundi Bomba kauliza hii ni nini. Nikamwambia agizo jipya la jiji. Akasema mbona yeye hajaambiwa. Nikamwambia taratibu za ofisi haziwafikii wote kwa siku moja. Nilisema kwa sauti ya masjala. Nimeikumbuka sauti ile.

Jumatatu, 10 Machi

Njano!

Nilitoa turubai alfajiri, nikalirudisha alipoondoka. Afisa kaangalia majani yaliyojikunja, kasikitika, kanipa pole kana kwamba nimeuguliwa. Kisha kaketi. Dakika kumi na nne. Kanywa glasi mbili za maji. Kasema miguu inamuuma, anatembea mitaa minne kwa siku. Kasema mama yake naye yuko peke yake, na kila akimpigia simu mama anasema yuko salama, ndipo yeye anajua hayuko.

Akaniuliza, na wewe mzee, unaishi peke yako? Nikasema hasha, mama watoto yuko jikoni. Sijui lilikotoka. Basi ikabidi nigeuke niuite mlango wa jikoni, nikauliza kama maji ya kunywa bado yapo. Nikasubiri kidogo. Nikamwambia afisa, anasema yapo.

Akaonya kwamba mvua kubwa inakuja wiki hii. Mashimo yote yawe wazi. Akasema Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili wenye miti watafagia mitaro pamoja. Nikaitikia kwa kichwa.

Alipoaga, nyumba ikanyamaza kama kawaida yake. Nilibaki nimeshika glasi yake mpaka maji yaliyobaki yakapata joto la mkono.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ilianza saa nane mchana. Maji yakashuka na barabara. Nilisimama dirishani nikaona shimo la Fundi Bomba linakunywa, la mwenye cherehani linakunywa, mtaa mzima unakunywa. Yakafika kwangu, yakakuta turubai, yakageuka kushoto, yakaingia sebuleni. Hayakubisha hodi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi niliingia hadi vifundoni.

Fundi Bomba akaja na ndoo mbili, suruali kaikunja magotini. Kabla hajaingia alisimama mbele ya shimo langu. Akatoa tofali moja moja, akavuta turubai. Maji yakashuka humo kwa kishindo, barabara ikapumua. Akaingia, tukachota mpaka saa kumi na moja na nusu.

Viti vililowa, tukakaa juu ya meza, miguu inaning'inia, wazee wazima. Akanisimulia jinsi alivyowahi kufungua bomba la bafuni kwa bosi wake huku bosi yumo ndani kajipaka sabuni. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilicheka na mtu niliye naye chumba kimoja.

Akasema kesho nije kwake, chai ipo. Nikasema tutaona. Alipoondoka ndipo nikagundua hajaniuliza habari za turubai hata neno. Hilo limeniudhi kuliko kama angeuliza.

Alhamisi, 13 Machi

Mama watoto kapiga simu. Kasikia habari za mvua. Nikasema hapa sakafu haijaona hata tone. Nilikuwa nimesimama juu ya gunia lililolowa.

Akauliza kama nataka arudi. Kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba ruhusa. Nikasema aka, asihangaike, mimi niko na watu, watu hawakatiki hapa. Akasema haya, vizuri basi.

Kwa nini nilisema hivyo? Nimeishika simu nusu saa. Ningemwambia njoo, angekuja. Neno lenyewe fupi.

Kwa Fundi Bomba sikwenda. Nilikuwa naanika mazulia.

Jumatatu, 17 Machi

Nyekundu.

Kaja mapema, turubai bado liko kwenye ua linakauka, na alama za matofali tisa ziko kwenye kokoto kama mihuri. Akatazama shimo, akatazama turubai, akanitazama mimi. Akauliza mama yuko wapi. Nikasema jikoni. Akapita akaenda jikoni. Akarudi polepole.

Akauliza, baba, kwa nini? Miaka ishirini na sita nilijibu barua za watu. Leo nikasema nilitaka uwe unakuja. Likatoka hivyo hivyo, bila tarehe wala kumbukumbu namba.

Machozi yalimlengalenga, lakini utepe mwekundu aliufunga. Sheria ni sheria, hata mimi ningeufunga. Mti unahamia kwa Fundi Bomba, ambaye shimo lake lina nafasi ya miwili. Afisa kasema yeye si mtu pekee katika mtaa huu. Kasema wenye miti wanakosa mtu wa kuandika mahudhurio, na Fundi Bomba ameshanitaja mimi. Kasema Jumamosi nitoke. Nikaahidi.

Akaniachia karatasi ya mpango mwingine wa jiji: matangi ya kuvuna maji ya mvua. Nyumba zilizoingiwa na maji ndizo za kwanza kupewa. Nimeisoma yote, hadi maandishi madogo ya nyuma. Tangi zima hukaguliwa mara moja kwa mwaka. Tangi lenye ufa hukaguliwa kila siku ya tatu mpaka lipone.

Kila siku ya tatu. Mti ulikuwa kila wiki tu.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya kazi. Fomu ya tangi ina kurasa nne na nataka iwe ofisini Jumatatu asubuhi. Msumari nimeshaupata, wa inchi nne. Ufa uwe chini, upande wa nyuma, usizibike kirahisi.

Nje kuna kelele za mafagio na vicheko. Wanafagia mitaro. Inavuruga akili.

Saa tatu Fundi Bomba kagonga. Akaita jirani, jirani, twende, daftari lako lipo. Nikajikausha. Saa nne kagonga tena, kasema chai inapoa na wamenitengea kiti. Saa tano kasoro kagonga mara ya tatu, mara moja tu, taratibu, akasimama. Nilikuwa nakiona kivuli chake chini ya mlango. Nikazuia pumzi mpaka akaenda. Mtu huyu haelewi kwamba wengine tuna shughuli.

Nimebakiza swali la mwisho: ni saa ngapi afisa akija atamkuta mtu nyumbani?

Nimeandika: saa zote.