Ombi la Kusahihishiwa Nyumba Upya

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Sheria,

Salamu nyingi na heshima tele. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana ina mambo.

YAH: NYUMBA YANGU KUFELI

Mimi ni mwalimu na mtahini wa udereva, na binti yangu anasoma sheria hapo kwenu, mwaka wa mwisho. Nilimleta asome sheria. Sikujua mmeamua kwamba kila somo, liwe la mikataba au la jinai, litiwe uendelevu wa mazingira kama chumvi, hadi kwenye chai. Hata hapo ningenyamaza. Lakini mkamwagiza kila mwanafunzi achague nyumba moja, aifundishe kuishi bila kuharibu, kisha mje kuisahihisha. Binti akachagua ya kwetu. Mkaja, mkasahihisha, mkaiandikia nyumba yangu "IRUDIE". Nyumba isipofaulu naye hafaulu, na wenzake watavaa majoho bila yeye.

Mheshimiwa, kufelisha watu ndiyo kazi yangu. Nimefelisha wachungaji, nimefelisha bwana harusi asubuhi ya harusi yake, na shemeji yangu nimemfelisha hadi dada yangu akaninunia. Mtu anayestahili kufeli namjua kwa anavyofunga mlango wa gari. Mimi sikustahili. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimepinduliwa. Binti ametunga Sheria za Nyumba na kuzibandika kwenye mlango wa friji. Maji ya kuoshea mboga yaende bustanini, sawa. Taa isiwake kwenye chumba kisicho na mtu, sawa pia. Lakini nikikaa kimya kwenye kiti changu nikiwaza, taa huzimwa, kwa maelezo kwamba sikuonyesha dalili ya kuwemo. Nikakata rufaa. Rufaa anaisikiliza yeye, na shahidi wake ni mama yake. Mama yangu mzazi, niliyemtegemea, ameteuliwa Mshauri kwa sababu hajatupa kopo tangu nimfahamu, na siku hizi haitiki mpaka nimwite kwa cheo.

2. Pipa. Hili ndilo linaloniuma. Mlitaka kila nyumba iwe na pipa la kuozesha mabaki ya chakula yawe mbolea, na binti apime uzito wa pipa hilo kila wiki. Mheshimiwa, kwangu hakuna mabaki. Sisi tunakula. Sahani zetu hurudi jikoni ukidhani zimetoka dukani. Basi pipa likabaki tupu, binti akaanza kukosa raha, na mimi ni baba. Nikaanza kupika. Nilipika sufuria nzima ya wali wa kutupa. Nikanunua mapapai, nikayamenya, nikatia maganda pipani. Na kwa kuwa maganda ni mepesi, nikatia na mapapai yenyewe. Pipa likanona! Binti akafurahi, nami nikafurahi hadi nikawa naimba jikoni. Kwa ajili ya somo la kutotupa chakula nimetupa chakula kuliko maisha yangu yote. Ndipo wakaguzi wenu wakafunua kifuniko na kuuliza kwa nini familia ya watu wanne inatupa karamu. Binti akanigeukia. Lile jicho sitalisahau, maana hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni tu.

3. Wakaguzi wenyewe. Walitoka jengo moja, wakaja watatu, kila mmoja na gari lake. Wakaziacha injini zikinguruma nje ili wakirudi wakute ubaridi garini, wakaingia kuniuliza mimi kama natumia mafuta kwa busara. Nina gari moja tu, la kufundishia. Wakaandika kwamba linawashwa na kuzimika mara nyingi kupita kiasi. Halizimwi na mimi! Linazimwa na watu wanaoachia klachi kana kwamba inawaunguza. Walipoondoka wakaniachia kitabu cha namna ya kuokoa karatasi, kinene kama tofali, kimechapwa upande mmoja.

4. Bwana Redio. Huyu ni jirani yangu, tunamwita hivyo kwa kuwa redio yake huamka kabla ya majogoo. Alifundishwa na rafiki wa binti yangu, wanasoma darasa moja. Amefaulu! Nimepanda kwenye kigoda nikachungulia pipa lake juu ya ukuta: maganda machache ya ndizi, basi, kwa unyenyekevu wa kuudhi. Cheti chake amekitundika dirishani. Kingetakiwa kimtazame yeye, lakini kinanitazama mimi.

Kwa hiyo naomba somo hili liondolewe kwenye mtaala. Wa sheria wasome sheria, wa tiba wasome maradhi, na nyumba za watu ziachwe ziharibike kwa raha zao. Hilo likishindikana, naomba binti afaulishwe, kwa kuwa kosa la pipa ni langu peke yangu. Yeye alifundisha vizuri. Mwanafunzi wake ndiye kichwa maji. Siku ya mahafali sitaki akae nami kwenye viti vya wageni akiwapigia wenzake makofi. Nitashindwa kuvumilia.

Wasalimie wahadhiri wote, makarani, na wale wakaguzi, kama wameshazima magari. Mke wangu anakusalimu. Mshauri naye anakusalimu, na anauliza kama makopo ya ofisini kwenu yana mwenyewe.

Wako mtiifu,
Baba wa Mwanafunzi

Nyongeza: Nimeinuka kutafuta bahasha, Bwana Redio akabisha hodi. Ameniambia, kwa huruma kabisa, nisione haya, yeye yuko tayari kunipa masomo ya ziada. Masomo ya ziada! Mimi! Basi, Mheshimiwa, yote niliyoandika hapo juu yafute. Somo libaki, tena liongezewe vipindi. Nyumba yangu itarudia mtihani, na binti amekubali kunifundisha upya kwa sharti moja, kwamba nisimsaidie. Pipani sasa mna maganda ya mayai tu. Kila siku nawaambia wanafunzi wangu kwamba kufeli mara ya kwanza si mwisho wa safari, na leo ndiyo nimejisikia nikisema. Taa imezimwa tena; namalizia gizani huku nikipunga mkono kuonyesha kwamba nimo. Njooni siku yoyote kabla ya mahafali, tuko tayari. Ila mje kwa miguu.