Kidonge cha Kuvutia Kamba

Ijumaa, 6 Machi

Kesho ndiyo kesho! Kuvuta kamba, Stoo dhidi ya Ushonaji, saa nne asubuhi, uwanja wa nyuma ya kiwanda. Miaka mitatu mfululizo tumeburuzwa kama magodoro, na nahodha wa Stoo ni mimi. Miaka mitatu kikombe kinakaa dirishani kwa mkuu wa Ushonaji, lile jitu tunaloliita Kifua. Dirisha linatazamana na meza yangu. Akiniona anakipangusa. Tena kwa kitambaa nilichomtolea mimi mwenyewe stoo!

Safari hii atakoma. Mke wangu yuko kwa dada yake tangu jana, hakuna wa kunichunguza. Jioni nimepita kwa muuza vidonge, yule anayekaa kando ya mchonga funguo. Nikamwomba dawa ya nguvu. Akaniuliza naitaka kwa ajili ya lini. Kesho saa nne asubuhi, nikamwambia. Asubuhi? akashangaa. Nikamwambia ndiyo, uwanjani, kiwanda kizima kitakuwepo kutushangilia. Akauliza kwa sauti ndogo tutakuwa wangapi. Wanane kila upande, nikamjibu.

Alininyanyukia na kunipa mkono. Alisema miaka yote ya kazi hii hajakutana na mtu kama mimi. Angalau yupo mmoja anayeniheshimu.

Nusu inatosha, alisema. Nitakunywa kizima.

Jumapili, 8 Machi. Wodini.

Tulishinda! Naanza na hilo maana hapa hakuna anayetaka kulisikia.

Dawa niliinywa jana saa tatu. Saa nne tukashika kamba. Uso ulikuwa unawaka moto, nikajua nguvu zinapanda. Tukavuta, wakavuta, kisha ghafla Ushonaji wote wakaja kwetu mzimamzima. Nikanyanyua mikono juu. Haikufika mbali. Kifuani pakabana, kama nimelaliwa na godoro lililolowa maji, maumivu yakateremka mkono wa kushoto, jasho likanitoka chapachapa.

Na nani alinibeba? Kifua! Alinitupia kwenye gari la kiwanda, akaliendesha mwenyewe hadi hospitali, akaingia nami chumba cha dharura na kukaa kwenye kigoda. Akaambiwa atoke, akasema haondoki. King'ang'anizi!

Sista akaniuliza kama kifua kinanisumbua. Sana, nikamwambia, mwaka wa tatu huu. Akaandika kwenye faili.

Kisha akaja daktari, mama mmoja mwenye miwani. Presha je, sukari je, kuna dawa inayonidhuru? Nikajibu vizuri tu. Halafu akaniuliza kama jana au leo nimekunywa dawa yoyote ya nguvu. Kifua akainua kichwa. Nikasema hapana. Daktari akainama, akarudia polepole, akasema nisione haya, wanaume wengi wa umri wangu wanatumia.

Wengi! Kumbe michezo ya viwandani imeoza kiasi hiki! Nikasema mimi? Sijawahi, na sitawahi.

Wakanitundikia dripu. Chupa ya kioo, mpira wake wa peke yake, na mashine ndogo ya kupima inavyoingia. Nikauliza kwa nini kioo, wameishiwa plastiki? Sista akanijibu kwamba dawa hii hunata kwenye plastiki ya kawaida, mgonjwa akabaki anapata nusu tu, na mashine haiguswi na mtu isipokuwa yeye. Dawa yenyewe inatanua mishipa ili moyo upumue. Itaniuma kichwa, nivumilie.

Kichwa hakikupata hata nafasi ya kuuma. Dari lilianza kuzunguka. Mashine ya presha ikapiga kelele. Nikamsikia Sista akisema sitini, huku anaifunga dripu ya kioo. Wakanilaza kichwa chini miguu juu. Sista akanisemea sikioni nimwambie nimekunywa nini, upesi, kabla hatujachelewa.

Nikatazama. Mguu wangu wa kushoto umeshikwa na Kifua. Nikisema, kikombe kinarudi dirishani. Nisiposema, nakufa. Naona aibu kuandika kwamba nilifikiri kwanza.

Halafu nikaogopa. Niliogopa kweli, nikamkumbuka mke wangu. Nikamnong'oneza Sista: nilikunywa, kizima, saa tatu. Kifua hakusikia. Wakafungulia dripu ya maji, presha ikapanda taratibu, na daktari akaniambia kwamba kidonge kile kinatanua mishipa na dripu ile inatanua mishipa, vikikutana damu haina wa kuisukuma. Dakika chache zaidi za uongo wangu, alisema, wangekuwa wanamtafuta mke wangu kwa simu. Sauti ilikuwa inamtetemeka kwa hasira.

Kwa kuwa sijui nilichouziwa ni kidonge gani hasa, nisubiri siku mbili kamili. Maumivu wanayatuliza kwa njia nyingine. Na ili zamu nyingine wasisahau, Sista amebandika tangazo juu ya kichwa changu, kwa wino mwekundu: AMEKUNYWA DAWA YA NGUVU JUMAMOSI SAA 3 ASUBUHI. DRIPU YA KIOO ISIWEKWE MPAKA DAKTARI ASEME.

Herufi kubwa kama za bango la uchaguzi! Na saa kumi ni muda wa kuona wagonjwa. Mke wangu anakuja. Kifua naye kasema atakuja. Nimeshalifunika tangazo kwa shati langu.

Jumatatu, 9 Machi

Nimekwisha.

Jana saa kumi mke wangu alifika na chupa ya uji, macho mekundu kwa kulia. Akanishika mkono. Kifua yupo, kigoda kilekile. Mambo shwari. Akaingia nesi wa zamu ya mchana, kijana mrefu mwenye sauti ya mtangazaji wa redio, kuja kubadilisha chupa ya maji. Huyu bwana ana utaratibu wake: hatundiki kitu mpaka asome kwa sauti jina la mgonjwa, jina la dawa, na kila kilichobandikwa ukutani. Akaliona shati. Nikamwambia linakauka. Akalitoa.

Akasoma. Neno kwa neno. Wodi nzima.

Mke wangu akauachia mkono wangu. Akauliza, dawa ya nguvu? Jumamosi asubuhi? Mimi niko kwa dada tangu Alhamisi! Na nani?

Nikamjibu ukweli, kwamba na wenzangu wa stoo.

Akaniinamia na kunieleza kwa maneno machache dawa ya nguvu ni dawa gani. Nilikaa kitandani wima! Mashine zote zikalia! Miaka hamsini na sita, sikujua. Nguvu si nguvu? Wangesema za kiume ningeelewa! Nikamkumbuka muuza vidonge na mkono alionipa.

Nilipaswa kusema palepale kwamba ilikuwa ya kamba. Lakini Kifua kakaa pale, kikombe bado ni chetu. Nikajifunika shuka. Mke wangu akachukua uji wake akaondoka. Nesi akanirudishia shati, akanionya nikilifunika tangazo tena ananifunga mikono.

Jumanne, 10 Machi

Siku mbili zilitimia jana asubuhi. Baadaye maumivu yalirudi, daktari akaruhusu, dripu ya kioo ikawekwa tena. Safari hii polepole, Sista kasimama pembeni, presha kila baada ya dakika chache. Godoro likatoka kifuani! Kichwa kiliuma kama walivyoniahidi. Kusimama bila Sista ni marufuku. Nilijaribu kwenda dirishani kuona kama mke wangu anakuja, nikakaripiwa kama mtoto.

Hakuja. Nilimpigia simu leo asubuhi nikamwambia yote: kamba, kikombe, Kifua, muuza vidonge. Akasema hakuna binadamu mjinga kiasi hicho, akakata. Uji wa hapa hauna sukari. Nimemkosa jamani. Nililia kidogo, nesi wa redio akajifanya hanioni.

Alhamisi, 12 Machi

Kaja! Alimfuata muuza vidonge mwenyewe. Yule bwana ananikumbuka vizuri: mzee wa saa nne asubuhi, wanane kila upande, kiwanda kizima kinashangilia. Mke wangu anasema yeye mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini kando ya mchonga funguo. Kisha akalia. Akaniambia, baba watoto, ungeniacha kwa ajili ya kikombe cha bati?

Nikanywa uji.

Bahati mbaya kayasimulia haya mbele ya Kifua pia. Kwa hiyo Kifua anajua. Nikangoja atangaze ushindi. Akajikuna kichwa, akasema yeye hakushindwa na kidonge. Aliniona uso umegeuka rangi ya jivu, akawaamuru watu wake wasivute tena, wasogee mbele nisije nikaanguka. Kikombe nibaki nacho tu, kasema. Mke wangu akamshukuru mpaka akamwita shemeji!

Maringo! Nani alimwomba anihurumie? Nimeikataa huruma yake. Kikombe kirudi dirishani, na nitakichukua kwa haki.

Ijumaa, 20 Machi

Kliniki. Daktari ameridhika na moyo wangu. Amenipa vidonge vya kuweka chini ya ulimi nikibanwa na kifua: nikae kwanza, ndipo niweke. Kanikumbusha kwa mara ya kumi kwamba navyo havichanganywi na kile kingine, hata siku moja. Akavua miwani, akaniuliza kama nimenunua tena dawa ya nguvu. Mke wangu ananitazama. Nikaapa kwamba sijanunua. Ukweli mtupu! Wote wawili wakatabasamu.

Kesho ni fainali ya drafti kiwandani, mimi na Kifua. Kilichomo mfukoni mwangu ni dawa ya akili. Nimenunua kwa muuzaji wa ng'ambo ya barabara, maana yule wa kwanza siku hizi akiniona anapiga saluti.

Nusu inatosha, amesema. Nitakunywa kizima.