Mteja Niliyemnunua kwenye Intaneti

Leo nimeumbuka. Tena kwa pesa yangu mwenyewe.

Mnajua kazi yangu: nauza assurance, yaani bima, huku Masisi. (Ngojeni kwanza, bado hamjafika pa kucheka.) Jana chef wangu, mkubwa wa kazi kule Goma, alinipigia: "Usipoleta hata contrat moja iliyosainiwa kesho kutwa, ulete badge ya kazi." Badala ya kupanda vilima na kubisha milango kama wenzangu, nikajifanya mjanja. Kuna tapeli mmoja kwenye Facebook anajiita Coach. Anauza namba za watu "wanaotafuta assurance". Nilipomuuliza bei, akataka kwanza jina langu, simu yangu na mahali ninapoishi. Nikampa vyote. Kisha nikamlipa kwa pesa ya maharagi ya mke wangu.

"Kama ile muntu iko na wateja, juu ya nini asiuzishe assurance yeye mwenyewe?" mke wangu akauliza.

Nikamjibu kwamba hajui mambo ya intaneti. (Mjuzi alikuwa mimi!)

Leo asubuhi nikaanza kupiga. Namba karibu zote zilikuwa zimekufa. Moja tu ikapokelewa, tena haraka, na mtu mwenye adabu za ajabu.

"Papa Anselme, tunaweza kuonana juu ya assurance?"

"Hata leo, kaka! Na mimi nilikuwa nataka kukuita!"

Namba yangu aliitoa wapi? Sikujiuliza. Hiki kichwa changu ni cha kuvalia kofia tu.

Nikafunga cravate shingoni, nikapanda pikipiki hadi Bweremana, vumbi mpaka kwenye meno. Papa Anselme alikuwa ananingoja kwa Mama Furaha, anayepikia watu karibu na soko. Naye amefunga cravate! Nikasema moyoni, huyu ni tajiri.

Kwetu huanzi mambo ya biashara na mtu mwenye njaa. Tukaagiza bugali na samaki. Nikamsogezea samaki mkubwa. Akanirudishia. Nikamsogezea tena. Nikamsifu viatu, akanisifu mpaka masikio. Wavuvi wa meza ya pili walidhani tunapatana mahari.

Tukanawa mikono. Nikafungua mkoba, naye akafungua wake. Nikamkazia macho kama Coach alivyotufundisha wanunuzi wake, nikasema:

"Papa, leo kitu kikikupata, mama na watoto watabaki na nini?"

Sikusema peke yangu. Anselme alikuwa anasema maneno yaleyale, wakati uleule, na contrat yake iko mkononi!

Yule mwizi Coach alikuwa ameniuza mimi kwa Anselme, na kumuuza Anselme kwangu. Kila agent mpumbavu aliyeuliza bei aligeuzwa mteja.

Mama Furaha alikuwa amesimama hapo, anangoja malipo ya chakula.

"Ba Papa, naulizaka tu. Kati yenu wawili, client njo nani?"

Wavuvi walicheka mpaka mmoja akatoka nje kujifuta machozi. Mimi nilikuwa natazama mifupa ya samaki.

Anselme akaniinamia. "Kaka, na mimi chef anangoja contrat. Ao naachishwa kazi."

Wapumbavu wawili tukatazamana. Akasaini yangu, nikasaini yake. Badge imepona.

Kwa hiyo nikifa, mke wangu atalipwa vizuri. Shida ni kwamba naenda nyumbani nikiwa mzima, na ataniuliza maharagi yake. Nimemuuliza Anselme kama kampuni yao ina assurance ya hilo. Amesema naye anaitafuta.